Shibe Peke Yake Si Nguvu ya Askari

Askari akisha kupewa sahani ya wali iliyojaa hadi ukingoni, husemwa kwamba amelishwa. Hesabu ya bohari hutiwa sahihi, sufuria huoshwa, na ofisa wa zamu huandika katika kitabu chake kwamba kikosi kimekula na kushiba. Sisi hatuna ugomvi na kushiba. Lakini twasema, na katika makala haya tutajaribu kuthibitisha, ya kwamba shibe na nguvu si kitu kimoja. Na ya kwamba kamanda asiyeijua tofauti hiyo aweza kupoteza watu wake bila ya adui kufyatua hata risasi moja.

Jambo hili si la kubuni. Limekwisha kuyapata majeshi makubwa ya dunia, na liliwapata ndugu zetu wa Umoja wa Afrika huko Mogadishu katika miaka ya 2009 na 2010. Kabla ya kulieleza, hatuna budi kuuliza swali ambalo wengi wetu twadhani jibu lake twalijua: nguvu ya askari hutoka wapi?

Wengi watajibu kwamba hutoka katika chakula na katika pumzi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Chakula kilichomo tumboni na hewa iliyomo mapafuni ni kama masanduku ya risasi yaliyomo bohari. Ni mali ya kikosi, lakini hayamsaidii mtu aliye katika handaki mpaka yafunguliwe, yachukuliwe hadi mstari wa mbele, na risasi zitiwe katika magazini. Katika mwili, kazi hiyo ya kufungua, kuchukua na kujaza hufanyika ndani ya chembe hai, zile chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho ambazo ndizo zinazojenga misuli, moyo, ubongo na kila kiungo chetu. Wataalamu huiita kazi hiyo upumuaji wa chembe hai. Kifua huleta hewa tu; kinachotoa nguvu ni upumuaji wa chembe.

Katika miaka ya 1780 Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walimweka mnyama mdogo katika chombo kilichozungukwa na barafu, wakalipima joto lake kwa kiasi cha barafu iliyoyeyuka, na wakalinganisha na hewa aliyoitoa. Wakaona kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, kusiko na ndimi za moto. Mkaa ukiungua jikoni hutoa joto lake lote ovyo, nalo hupotea hewani. Chembe hai haiwezi kufanya hivyo, kwani ingejiteketeza yenyewe. Kwa hiyo huiunguza sukari kwa hatua, na katika kila hatua huokota sehemu ya nguvu na kuihifadhi.

Hatua ya kwanza hufanyika katika ute wa chembe. Glukosi, yaani sukari itokanayo na wali, mkate, viazi au ule ugali ambao hapa kwetu twauita posho, hukatwa vipande viwili, na kila kipande huitwa piruvati. Hatua hii haihitaji oksijeni, nayo ni ya haraka, lakini faida yake ni ndogo. Glukosi moja hutoa vifurushi viwili tu vya nguvu. Vifurushi hivyo huitwa ATP, nasi twaweza kuvifananisha na risasi zilizokwisha kutiwa katika magazini, tayari kwa kazi.

Hatua ya pili ni mlango. Piruvati huingizwa katika vijumba vidogo vilivyomo ndani ya chembe, viitwavyo mitokondria, ambavyo ndivyo jiko kuu la mwili. Hapo mlangoni hugeuzwa umbo, na huanza kutoka kaboni dayoksaidi, ile hewa tuitoayo puani. Hatua ya tatu ni mzunguko ulioelezwa na Hans Krebs nchini Uingereza mwaka 1937, ambao mwaka 1953 ulimpatia Tuzo ya Nobel. Katika hatua ya nne, oksijeni iliyoletwa na damu ndiyo inayopokea mabaki ya kazi yote na kuyageuza kuwa maji. Mambo haya yakienda sawasawa, glukosi moja hutoa vifurushi vipatavyo 30 badala ya viwili. Tofauti hiyo ya 2 na 30 ndiyo tofauti ya askari awezaye kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni na yule ambaye miguu yake hukataa kabla ya kufika mahali pa kupumzika.

Tena mwili hauweki akiba kubwa ya vifurushi hivi. Kiasi kilichomo mwilini kwa wakati mmoja hakifiki hata robo ya kilo. Lakini hutumika na kujazwa tena mara nyingi sana, hata jumla ya siku moja hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Jiko hilo likisimama, hakuna bohari nyingine ya kukimbilia.

Sasa na turudi kwenye ule mlango, kwa maana ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mlango huo haufunguki bila ya kitu kidogo kiitwacho tiamini, au vitamini B1, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea na hauna budi kukipata katika chakula. Mahali pengine ndani ya mzunguko wa Krebs pahitaji kitu hicho hicho. Mwanamume mtu mzima huhitaji miligramu 1.2 kwa siku, yaani gramu moja ingemtosha zaidi ya miaka miwili. Wahenga walisema, usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Akiba ya mwilini nayo ni ndogo, kiasi cha miligramu 30 hivi, na asipopata nyingine huanza kumwishia mtu baada ya wiki mbili au tatu.

Akiba hiyo ikiisha, piruvati hufika mlangoni na kuukuta umefungwa. Hurundikana, na sehemu yake hugeuka kuwa asidi ileile iongezekayo katika misuli ya mtu akimbiapo mbio za kasi. Oksijeni ipo, sukari ipo, tumbo limejaa, lakini risasi hazifiki mstari wa mbele. Viungo vinavyoumia kwanza ni vile visivyopumzika, yaani moyo, mishipa ya fahamu na ubongo. Moyo huzidiwa na kazi, maji hubaki mwilini, miguu huvimba, na mtu hutweta kwa kupanda ngazi chache tu. Kwa wengine nyayo hufa ganzi na miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe. Ugonjwa huu huitwa beriberi. La kuangaliwa zaidi ni kwamba kadiri mtu anavyokula wanga mwingi ndivyo mwili wake unavyohitaji tiamini zaidi, na kazi ngumu na homa huongeza mahitaji hayo. Sahani iliyojaa wali mweupe peke yake yaweza basi kumharakisha askari kwenye ugonjwa badala ya kumkinga.

Kwa nini wali mweupe? Kwa sababu tiamini ya nafaka hukaa zaidi katika kiini cha punje na katika ganda lake la ndani. Mashine ya kukobolea huondoa vyote viwili ili mchele ung'ae na ukae ghalani muda mrefu bila ya kuharibika. Unga mweupe wa mahindi na unga mweupe wa ngano hupatwa na jambo lilo hilo. Kinachopendeza machoni pa ofisa ugavi, kwa kuwa ni kikavu, chepesi kubebwa na hakiozi, ndicho kilichopungukiwa na ufunguo wa mlango.

Wajapani waliyajua haya kwa uchungu. Meli yao ya kivita Ryujo ilifanya safari ndefu ya mafunzo katika miaka ya 1882 na 1883. Katika wanamaji 376 waliokuwamo, 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la wanamaji, Takaki Kanehiro, aliomba meli nyingine, Tsukuba, ipelekwe mwaka 1884 katika njia ileile, lakini chakula kibadilishwe, wali upunguzwe, na nyama na vyakula vingine viongezwe. Waliougua walikuwa wachache, wala hakufa hata mmoja kwa ugonjwa huo. Takaki alidhani kasoro ilikuwa upungufu wa protini. Sababu hiyo haikuwa sahihi, lakini dawa yake ilikuwa sahihi, na jeshi la wanamaji likaifuata. Wakuu wa tiba katika jeshi la nchi kavu waliikataa. Askari wao wakaendelea kupewa mchele mweupe, ambao kwa kijana aliyetoka kijijini ulikuwa ni heshima na kivutio cha kujiandikisha. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905, askari wapatao 27,000 wa Japani walikufa kwa beriberi. Hao hawakuuawa na Mrusi.

Wakati huohuo daktari wa jeshi la Uholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akiutafiti ugonjwa huo katika mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta. Kuku wake wa majaribio waliugua, miguu ikalegea, kisha ghafla wakapona. Alipochunguza aligundua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa jiko la hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokuja alikataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa jeshi, ndipo wakarudishiwa mchele usiokobolewa vizuri, nao wakapona. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Ukaidi wa mpishi mmoja uliwaonyesha madaktari njia.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya karne nyingine na ya mabara mengine. Na tuje basi nyumbani. Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu mwezi Machi mwaka 2007 chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM, na ndugu zetu wa Burundi wakafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kikosi hicho kilifanya kazi kwa jina hilo hadi mwaka 2022. Kati ya tarehe 26 Aprili 2009 na tarehe 1 Mei 2010, askari 241 wa kikosi hicho walivimba miguu, pamoja na kutweta, kuumwa kifua, moyo kwenda mbio au dalili nyingine za namna hiyo. Askari wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Wanne walifariki dunia.

Mwanzoni ugonjwa huo haukujulikana. Damu ilipimwa ili kutafuta vijidudu na sumu, na hakikupatikana cha kuueleza. Ndipo wachunguzi walipowauliza wagonjwa na wazima jinsi walivyoishi na walivyokula, na mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, waliougua zaidi ni wale waliokula chakula cha kikosi tu bila ya kuongezea chochote kilichopatikana mahali pale. La pili, waliougua zaidi ni wale waliokaa sehemu za hatari kubwa, ambako risasi za adui ziliwafikia kila siku. Wagonjwa walipopewa tiamini walipata nafuu upesi mno, hata madaktari wakastaajabu. Vipimo vya damu iliyochukuliwa kabla ya matibabu vikathibitisha upungufu. Askari wazima nao walipogawiwa tiamini, wagonjwa walipungua, na vifo havikutokea tena.

Tunaomba kila ofisa alitafakari lile jambo la pili. Aliye nyuma, karibu na soko au na bandari, aweza kujipatia samaki, maharage au tunda. Aliye mbele kabisa, asiyeweza kuinua kichwa juu ya magunia ya mchanga, hula alicholetewa na hana kingine. Kwa hiyo upungufu wa chakula cha jeshi humwangukia kwanza yule tunayemtegemea kuliko wote. Alikuwa mtiifu, alikaa lindoni alikopangwa, alikula alichopewa, naye ndiye aliyevimba miguu.

Wapo watakaosema kwamba askari ni mtu wa kuvumilia, na kwamba kuzungumza habari za maharage na karanga ni kumdekeza. Sisi twauheshimu uvumilivu, kwa kuwa bila ya huo hakuna jeshi. Lakini uvumilivu hutoka katika moyo na ubongo, navyo ni viungo vyenye chembe hai zinazohitaji mlango ufunguliwe. Hakuna amri ya parade, wala ukali wa sajini, uwezao kuifanya chembe itoe nguvu isiyo nayo. Anayemwamuru mtu aliyeishiwa tiamini akimbie kwa adhabu hamjengi. Anauongezea mzigo moyo uliokwisha kulemewa.

Wapo pia watakaosema kwamba vidonge vitatosha. Vidonge ni vizuri, na mahali palipozingirwa ni vya lazima. Huko Mogadishu viliokoa maisha. Lakini kidonge husahauliwa, huisha, au hubaki katika sanduku la kambi ya nyuma. Sufuria hupikwa kila siku. Kinga iliyo ya hakika ni ile iliyomo ndani ya sufuria.

Basi tunashauri nini? Kwanza, chakula cha kikosi kisipimwe kwa uzito wa magunia peke yake. Maharage, njugu, karanga, ufuta na choroko vina tiamini, vyastahimili safari na ghala, na wakulima wetu hapa nyumbani huvilima. Visihesabiwe kuwa nyongeza ya sikukuu. Inapowezekana, unga wa mahindi yasiyokobolewa, mtama na wimbi vishike zamu na unga mweupe.

Pili, mpishi wa kikosi apewe mafunzo na heshima anayostahili. Tiamini huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Mchele unaosuguliwa na kuoshwa mara nyingi, au unaochemshwa kisha maji yake yakamwagwa, hupoteza hata kile kidogo kilichosalia. Mpishi anayejua hivyo huosha mara moja, hupika kwa maji yanayotosha, wala hamwagi mchuzi.

Tatu, ofisa wa zamu asitazame wingi wa chakula tu. Aulize kilichomo, na aulize kimerudiwa kwa wiki ngapi. Kikosi kilichokula wali mweupe na chai kwa wiki tatu mfululizo tayari kimo hatarini, hata kama hakuna aliyelalamika.

Nne, askari anayesema kwamba miguu yake ni mizito au pumzi yamwishia asiitwe mvivu kabla ya kutazamwa. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, na shimo likibaki baada ya kuondoa kidole, apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo. Aliyechelewa aweza kufa. Aliyewahiwa huweza kupata nafuu baada ya siku chache. Yule anywaye pombe nyingi kila jioni naye ajue kwamba pombe huzuia tiamini isiingie mwilini. Anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tano, twawageukia ndugu zetu wa polisi na magereza. Kituo kilicho mbali na mji, chenye askari wachache wanaopikiana unga mweupe mwezi mzima, hakina tofauti na handaki. Nao watu walio chini ya ulinzi wetu hawana soko wala shamba; hula tunachowapa na hakuna kingine. Katika gereza kuu la Abidjan, nchini Côte d'Ivoire, beriberi iliwashambulia wafungwa katika miaka ya 2002 na 2003. Mkuu wa kituo au wa gereza aliyebeba funguo za mahabusu amebeba pia dhamana ya miili iliyomo ndani yake, na sheria haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwadhibu mahabusu kwa kuunyima moyo wake nguvu.

Gharama ya haya yote si kubwa. Gunia la maharage si ghali kuliko ndege ya kuwabeba wagonjwa 52, na ni rahisi mno ukilinganisha na jeneza moja lililofunikwa bendera. Wale wanne wa Mogadishu walikwenda kutimiza wajibu wao kwa nchi zao na kwa Afrika. Heshima ya kweli tuwezayo kuwapa ni kuhakikisha kwamba hakuna askari mwingine atakayekufa kwa kukosa kitu kilicho chepesi kuliko chembe ya mchanga. Leo jioni, kabla ya kutia sahihi katika kitabu cha zamu, kila ofisa na afunue sufuria, na atazame ndani.